Nani Anaamrisha Mpakani?

Hotuba hii niliitoa jijini Tanga mbele ya madiwani, maofisa wa forodha na uhamiaji, viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za bahari) kutoka Mkinga, Muheza na Pangani, pamoja na wanafunzi wa vyuo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu Mwenyekiti, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, waheshimiwa madiwani, wazee wetu, viongozi wa BMU, ndugu zangu wa forodha na uhamiaji ambao nimekula nao chumvi miaka mingi, na nyinyi wanafunzi mliojaa huko nyuma. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki nyingine naomba ihesabike imezingatiwa, maana muda ni mfupi na jambo lenyewe ni zito.

Nimeombwa nizungumzie kupanga upya taasisi za Serikali ili mipaka yetu iwe salama zaidi. Nitasema mapema ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami aanze kuandaa swali lake. Kila kituo cha mpakani na kila kipande cha pwani yetu kinahitaji mtu mmoja mwenye amri, ambaye kesho yake asubuhi anaweza kuulizwa: jana usiku kilipita nini hapa? Leo mtu huyo hayupo. Wapo wengi, na kila mmoja ana jibu la dirisha lake.

Twende Horohoro. Kutoka hapa mjini ni kilomita 65 za lami. Kituo chetu na cha wenzetu wa Lunga Lunga vinafanya kazi kwa utaratibu wa huduma kwa pamoja, ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria yake ya mwaka 2016. Anayetoka Kenya anasimama upande wetu tu, anayetoka kwetu anasimama upande wao tu, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ni hatua kubwa. Wanaokumbuka enzi za kushuka kwenye basi mara mbili, mtoto mgongoni na furushi kichwani, wanajua ninachosema.

Sasa lifuateni lori moja linaloingia likitokea Mombasa, lenye mzigo mchanganyiko: vyakula vya makopo, vipodozi, mbegu za mboga, dawa za mifugo, na madumu ya kemikali. Wakala wa forodha ana faili mkononi. TRA wanataka kujua thamani na ushuru. Uhamiaji wanamtaka dereva na utingo wake. TBS wanataka vyakula na vipodozi. TMDA wanataka dawa za mifugo. TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, wanataka mbegu. Ofisi ya Mkemia Mkuu inauliza habari za madumu. Tume ya Nguvu za Atomiki inapima mionzi kwenye chakula. Afisa afya anaomba kadi ya homa ya manjano. Polisi wanatazama kama lori lenyewe si la wizi. Hakuna hata mmoja hapo aliyejipachika. Kila mmoja amewekwa na sheria, na kila swali linaloulizwa lina sababu.

Lakini tuseme ofisa wa mbegu amepanda nyuma ya lori, akaona sakafu imeinuliwa kwa mbao mpya, misumari bado inang'aa. Anamwambia nani? Kwa utaratibu wa kazi yake, sakafu ya lori haimhusu. Akimnong'oneza rafiki yake wa forodha, vizuri. Na kama hana rafiki forodha? Kwa miaka mingi nimeuona mpaka wetu ukilindwa na urafiki wa namna hiyo, na ninauheshimu, kwa sababu umekamata mengi ambayo hayakuandikwa popote. Tatizo la urafiki ni kwamba ofisa huhamishwa. Akija mgeni kutoka Mwanza, inabidi urafiki uanze upya, na wenye magendo hawasubiri watu wazoeane.

Vikao vya pamoja vipo. Kila taasisi ina mfawidhi wake, na wengi wao ni watu makini. Ila mfawidhi wa taasisi moja hana mamlaka ya kumwambia wa taasisi nyingine aongeze mtu dirishani foleni inapofika barabarani, wala kumwambia asubiri kuliruhusu lori mpaka mwingine amalize kulikagua. Wakitofautiana, kila mmoja anapiga simu kwa mkubwa wake, huyu Dodoma, yule Dar es Salaam, na lori linabaki limewasha injini.

Hata hivyo Horohoro ndiyo sehemu yetu nyepesi. Pana taa, pana geti, pana daftari. Uzito uko baharini.

Pwani ya nchi yetu ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,400. Chukueni kijito kimoja tu cha mikoko upande wa Jasini, usiku wa bamvua. Bamvua, kwa wanafunzi wa bara mlio hapa, ni yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na ndiyo yanayokiruhusu chombo chenye mzigo kuingia ndani kabisa ya mikoko. Saa nane za usiku mashua inaingia bila taa, injini imezimwa, wanasukuma kwa upondo. Inashusha sukari, mafuta ya kula, magunia ya mirungi, au watu. Pikipiki zinasubiri kwenye minazi. Kufikia alfajiri hakuna kitu, zimebaki alama za matairi kwenye tope na harufu ya petroli.

Hapo ni kazi ya nani? Usajili na usalama wa chombo ni TASAC. Leseni ya uvuvi ni halmashauri. Bandari, hata iwe bubu, inawahusu TPA. Ushuru ni TRA. Watu walioshuka ni Uhamiaji. Uhalifu ni Polisi, na majini kuna Polisi Wanamaji. Kama ni dawa za kulevya, ni DCEA. Mikoko iliyokatwa kufungua njia ni TFS. Maji ya mbali ni Jeshi la Wanamaji. Vuka mkondo kuelekea Pemba, unakutana na KMKM, kikosi cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wazee wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Chombo chetu hiki kina mabaharia hodari, kila mmoja na kasia lake, na usukani hauna mtu.

Kuna jambo linalofanya suala hili lisisubiri. Barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, kilomita 256, pamoja na daraja la Pangani la mita 525, ni neema tuliyoiomba miaka mingi, na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia. Lakini itazameni kwa macho ya mwenye magendo. Kipumbwi na Mkwaja, ambako wakati wa masika lori lilikuwa linazama mpaka ekseli, sasa vinakuwa jirani wa lami. Mzigo utakaoshushwa huko usiku utaweza kuwa Dar es Salaam kabla soko la Kariakoo halijafunguliwa. Juu ya hapo, bandari yetu imechimbwa na kuongezwa kina, na pale Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mkoa wetu unabeba vitu vizito kuliko ulivyowahi kubeba. Na hatuzungumzi mambo ya kufikirika. Februari 2015 askari wetu walipambana na kundi lenye silaha kule kwenye mapango ya Amboni, kilomita chache kutoka tulipokaa.

Sasa niseme kidogo kuhusu watu wa mpakani, maana mipango mingi ya usalama inaandikwa kana kwamba mpaka ni ukuta usio na wenyewe. Mstari huu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia kwenye mlango wa mto Umba ukaelekea Ziwa Victoria. Wadigo na Wasegeju walilala ndugu wakaamka raia wa himaya mbili. Januari 1915 himaya hizo zikapigana palepale Jasini, na waliokufa wengi walikuwa Waafrika na Wahindi. Mpaka leo mtu ana shangazi Vanga, upande wa Kenya, na minazi Jasini, upande wetu. Akienda mazikoni hapiti getini, anapita njia aliyopita babu yake. Mtu huyu ukimfanya mtuhumiwa, umejipofusha, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni pikipiki ipi si ya kijijini.

Mfano wa kwamba jambo hili linawezekana uko hapahapa Tanga, na nashangaa hatuutaji mara kwa mara. Mnakumbuka uvuvi wa baruti. Waliokaa Raskazone, Sahare, Kigombe, Tongoni, walikuwa wanausikia mlio asubuhi kama saa ya ukutani. Matumbawe yaligeuka kifusi. Kila mwaka tulifanya doria, kila mwaka tulikamata vijana wawili watatu wenye chupa na utambi, na wiki inayofuata mlio ukarudi. Uvuvi ulikuwa kazi ya Wizara ya Uvuvi, vilipuzi vilikuwa vya idara nyingine, upelelezi ulikuwa wa Polisi, mashtaka yalikuwa ya ofisi nyingine tena. Kisha mwaka 2015 kikaundwa kikosi kazi cha taifa cha kupambana na uhalifu wa kimazingira, kikiwa na watu wa taasisi mbalimbali waliokaa meza moja. Vita ya baruti ikaingia kwenye meza hiyo. Badala ya kumfukuza kijana mwenye chupa, wakaufuata mnyororo: nani anauza vilipuzi, nani anafadhili, nani ananunua samaki. BMU wakatoa taarifa. Ilipofika 2018 mlio ulikuwa umekuwa nadra.

Angalieni kilichofanyika hapo. Haikuvunjwa taasisi hata moja. Hapakujengwa jengo jipya. Kilichobadilika ni kwamba taarifa zilikaa mahali pamoja na kukawa na mtu wa kuulizwa. Nikisikia mtu anasema Watanzania hatuwezi kufanya kazi pamoja kati ya idara na idara, namwambia aende Kigombe akawaulize wavuvi.

Wengine hapa mtasema: kwa nini basi tusiunganishe zote ziwe mamlaka moja kubwa ya mipaka, tumalize? Ni swali zuri na lina watu wenye akili wanaoliunga mkono. Tuwatazame waliofanya.

Marekani, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliyoua karibu watu 3,000, walitunga sheria Novemba 2002, na Machi 2003 wakaanza kuendesha Wizara ya Usalama wa Ndani iliyokusanya taasisi 22 na watumishi zaidi ya 170,000. Uhamiaji wao ulivunjwa, kazi zake zikagawanywa. Wakaguzi wa forodha, wa uhamiaji na wa mimea wakawekwa chini ya kofia moja mpakani. Sababu yake ilikuwa ya kweli kabisa: taasisi moja ilikuwa na taarifa ambazo nyingine ilizihitaji, na hazikufika.

Mimi nilichojifunza zaidi kwa Marekani kinatokana na kimbunga. Wizara ile mpya ilimeza pia taasisi ya maafa, FEMA, ambayo zamani ilikuwa inasimama yenyewe na mkuu wake akimfikia Rais. Ndani ya wizara iliyokuwa inafikiria ugaidi usiku na mchana, maafa yakawa mtoto wa kambo. Agosti 2005 kimbunga Katrina kikapiga New Orleans, watu zaidi ya 1,000 wakafa, na FEMA ikaonekana haijui ianzie wapi. Mwaka uliofuata ikabidi watunge sheria kuirudishia nguvu. Lakini ndani ya wizara hiyohiyo kulikuwa na kikosi cha ulinzi wa pwani. Hicho kilihamishwa kizimakizima. Sheria ililinda kazi zake zote, vyeo vyake na safu yake ya amri. Katika kimbunga kilekile, kikosi hicho kiliokoa watu zaidi ya 33,000. Wizara moja, maafa mamoja, na taasisi mbili zilizohamishwa kwa namna tofauti. Yeyote anayeandika muswada wa kuunganisha taasisi za mipaka anapaswa kuikariri habari hiyo.

Na kuna dogo jingine linalotugusa sisi wa Tanga moja kwa moja. Wakaguzi wao wa mimea walipotolewa Wizara ya Kilimo na kuwekwa chini ya usalama wa mipaka, wakaguzi wa hesabu wa serikali yao walikuta baadaye kwamba katika baadhi ya vituo kiwango cha ukaguzi wa mimea kilishuka. Kwa Muheza hilo si dogo. Yule nzi vamizi wa matunda, anayeozesha embe na machungwa, alionekana Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hapo Kenya, na hakukawia kutufikia. Mkulima wa machungwa wa Muheza, ambaye soko lake kubwa ni hukohuko Kenya, anapata hasara kwa funza mdogo asiyeonekana kwenye kioo cha mashine ya kukagulia mizigo. Usalama wa mpaka ukitafsiriwa kuwa bunduki peke yake, funza atapita.

Uingereza waliunda wakala mmoja wa mipaka mwaka 2008, mwaka 2012 wakakitoa kikosi cha mpakani kikasimama peke yake, mwaka 2013 wakatangaza kuufunga wakala wenyewe.

Afrika Kusini ni mfano wa karibu zaidi nasi. Waliizungumzia Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka kwa miaka mingi, sheria ikasainiwa 2020, na Aprili 2023 mamlaka ikaanza kujitegemea, ikishika vituo zaidi ya 70 vya kuingilia nchini. Uhamiaji wa mpakani, afya ya bandarini, ukaguzi wa kilimo, vyote vikaingia ndani. Lakini forodha ilibaki nje, kwa mamlaka ya mapato, baada ya mabishano marefu, kwa sababu hazina haikutaka kukata mkono unaokusanya kodi. Jeshi na polisi nao wakabaki kwao, na ushirikiano ukawekwa kwa makubaliano ya maandishi. Naipenda busara ya hapo. Walikubali kwamba kuna vitu vya kuunganisha na kuna vitu vya kufunga pamoja kwa mkataba.

Na jirani yetu Kenya? Mwaka 2014, kwa sheria, waliunda kamati ya kitaifa ya kuratibu shughuli za mipaka, na mwaka 2018 wakazindua kikosi cha ulinzi wa pwani chenye makao yake Mombasa. Maana yake ni kwamba usiku wa leo, ofisa wa Kenya akiwa na taarifa ya mashua inayokuja kusini, anajua anaianzia wapi kwake. Swali ni akivuka kutupigia sisi, anampigia nani.

Kuunganisha taasisi, sisi wenyewe si wageni. TRA ilianza Julai 1996 kwa kuzikusanya idara za kodi zilizokuwa Hazina, na leo hakuna anayetamani kurudi nyuma. Mwaka 2019 kazi za chakula na vipodozi zilitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, zikaenda TBS, na dawa zikabaki na TMDA. Mwaka 2020 sheria iliunda TPHPA. Uzoefu huo una funzo ambalo wataalamu wa miundo hawaliandiki. Sheria inapobadilika Julai mosi, mkaguzi mpakani anakuwa na muhuri wa taasisi isiyokuwepo tena, fomu za zamani na mzigo uliolipiwa chini ya utaratibu wa jana. Wafanyabiashara walikuwa wananijia kuuliza waende dirisha lipi, na hakukuwa na wa kuwajibu kwa uhakika. Mtumishi naye anawaza cheo chake, nyumba yake ya kazi, pensheni yake. Mifuko minne ya pensheni ilipounganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, watumishi wangapi walilala usingizi? Mtu mwenye hofu ya kesho yake halindi mpaka vizuri leo, na mwenye magendo anajua miezi gani ofisi inahama.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Itungwe sheria ya usimamizi wa mipaka itakayoanzisha cheo cha Mkuu wa Kituo, mmoja kwa kila kituo rasmi. Atoke taasisi yoyote kati ya zilizopo, ashindane, ateuliwe kwa kipindi maalumu. Awe na amri juu ya maofisa wote wa kituo katika mambo ya kila siku: zamu, mpangilio wa ukaguzi, lori gani lisitoke, nani aitwe. Taaluma, mishahara na viwango vya kitaalamu vibaki kwa taasisi mama. Mkuu wa Kituo asimwambie ofisa wa mimea kwamba mbegu ni salama wakati mtaalamu kasema si salama. Ila amwambie: kagua hili kabla ya lile, na ukiona sakafu ina mbao mpya, njoo kwangu.

Kila kituo kiwe na dawati moja la taarifa. Si programu mpya kwa kila taasisi. Tuna programu za kutosha, nyingine hazizungumzi na wenzake. Dawati, watu wanne au watano waliokaa chumba kimoja, wakiwa wanaona tamko la forodha, orodha ya abiria na historia ya gari kwa pamoja. Gari lililokamatwa na mirungi mwaka jana likirudi na vigae, mtu aone.

Baharini ndiko ningeweka fedha nyingi zaidi. Toka Jasini mpaka Bagamoyo pawe na kikosi kimoja cha pwani chenye mkuu mmoja, ndani yake Polisi Wanamaji, TRA, Uhamiaji, uvuvi, TASAC, DCEA. KMKM hawawezi kuamrishwa na kikosi cha Bara, na wala isijaribiwe. Ni chombo cha SMZ chenye heshima yake na ujuzi wake wa mkondo wa Pemba. Iandikwe hati ya makubaliano inayosema mashua ikivuka, nani anaikabidhi kwa nani, kwa redio ipi. Ulinzi, polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano, basi msingi upo. Na kabla ya kununua boti mpya, bajeti ionyeshe mafuta, vipuri na posho ya mabaharia, kwa fungu linalojulikana, lisilohamishwa. Boti iliyofungwa gatini kwa kukosa petroli hailindi chochote, na vijana wa magendo huihesabu kila wanapopita.

Mkuu huyo ninayemsema lazima naye awe na wa kumhoji. Mamlaka nyingi mikononi mwa mtu mmoja mpakani ni hatari, kwa sababu mpakani kuna fedha. Hesabu za vituo zikaguliwe na CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kama kitu kimoja. Bunge lipange kamati moja ya kuvisimamia. Tume ya Wamarekani iliyochunguza mashambulizi yale ya 2001 ilikuta wizara yao mpya inawajibika kwa kamati na kamati ndogo 88. Anayewajibika kwa wote huishia kutowajibika kwa yeyote. Na raia aliyenyanyaswa getini awe na mahali pa kulalamika pasipo meza ya yule aliyemnyanyasa.

Nisimalize bila kuwataja wanaopita wakiwa wamefichwa. Juni 2012, kule Chitego, Kongwa, mkoani Dodoma, zaidi ya vijana 40 wa Ethiopia walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wanaelekea kusini kutafuta maisha. Pwani hii yetu na Bagamoyo ni njia yao pia, na wavuvi mlio hapa mmewahi kuwaona, wamekonda, midomo imepasuka kwa chumvi. Lori kama lile hupita vizuizi vingapi? Kila kizuizi kilikuwa na askari, na kila askari alikuwa na kazi aliyotumwa. Kuzuia lori lile lingekuwa ni kulinda mpaka na ni kuokoa roho, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana nataka maofisa wetu wafundishwe kumtofautisha msafirishaji na aliyesafirishwa. Wa kwanza ashtakiwe mpaka mali yake ifilisiwe. Wa pili apewe maji kwanza.

Kwenu BMU. Najua mnachokiogopa. Mtu anapiga simu usiku kutoa taarifa, kesho yake jina lake linatajwa kwenye baraza la kahawa. Hilo likitokea mara moja tu, diko zima la wavuvi linanyamaza kwa miaka. Sheria ninayoitaka iweke adhabu kwa ofisa anayevujisha jina la mtoa taarifa, na iweke tuzo kwa taarifa iliyozaa kesi, ilipwe kwa wakati. Wajumbe wa BMU wa Moa na Kipumbwi wanajua usiku wa bamvua kuliko mtu yeyote Dodoma.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, sheria itachukua muda wake. Lakini Kamati ya Ulinzi na Usalama unaiongoza wewe, na kuna mambo hayahitaji Bunge. Ratiba ya doria ipangwe kwa kufuata bamvua, si kwa kufuata mwisho wa mwezi wa kalenda. Ipatikane namba moja ya simu, ipokelewe saa 24 na mtu mmoja mwenye daftari moja, na namba hiyo wapewe wavuvi wetu na wenzetu wa Lunga Lunga na Vanga. Na mfawidhi mmoja ateuliwe kwa maandishi kuwa msemaji wa wote Horohoro, hata kama kwa majaribio ya miezi sita, tuone. Bamvua lijalo haliko mbali. Naomba haya matatu yajadiliwe kwenye kikao chenu kabla yake.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, na ningeomba wavuvi waanze.